Magimbi ya Ferdinand

Ferdinand, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kubishana na kila kitu, hata na hali ya hewa. Wenzake wakihamia Maryland, Marekani, hununua koti zito na kukubali yaishe. Yeye alinunua koti, akalalamika kwamba linambana mabegani, kisha akaamua kulima magimbi nje, kwenye udongo ambao ikifika Januari jembe linadunda.

Mkewe, Honorata, alimwambia wazi kwamba amechanganyikiwa.

"Magimbi yanataka maji na joto. Hapa Rockville pana nini?"

"Hata mimi nataka maji na joto," Ferdinand akamjibu. "Mbona naishi?"

Mwaka wa kwanza alipanda magimbi aliyoyanunua kwenye duka la Wachina kule Rockville Pike. Yalitoa majani mapana kama ungo, majirani wakawa wanasimama kuyashangaa. Baridi kali ya kwanza ya Novemba ikayalaza yote kwa mkupuo, meusi na malegevu kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Hayakurudi tena. Honorata alidhani habari hiyo imekwisha, na hapo alionyesha kwamba bado hajamjua vizuri mtu aliyemwoa.

Mwaka uliofuata Gitau, Mkikuyu aliyefanya kazi na Ferdinand ya kutengeneza mitambo ya joto majumbani, alimletea miche ya aina nyingine, yenye mashina mekundu kidogo. Alikuwa amepewa na bibi mmoja Mkorea, jirani yake, ambaye magimbi yake yalilala nje kila mwaka na kila mwaka yakaamka. Wakazunguka nyumba wawili hao wakipapasa matofali kwa viganja kama madaktari, maana fundi wa mitambo ya joto anajua nyumba inavujisha joto wapi. Wakachagua ubavuni, upande wa jua, pale chini ya ukuta ambapo bomba la mashine ya kukaushia nguo hutokeza nje na kupumua hewa ya moto. Baridi ilipoyaua majani, Ferdinand alikata mabua, akarundika majani makavu ya mwaloni hadi usawa wa magoti, akayakandamiza kwa waya wa banda la kuku ili upepo usiyachukue. Mwisho wa Mei magimbi yakarudi.

Tangu hapo kila Mei ilikuwa na sherehe yake. Asubuhi Ferdinand alitoka na kikombe cha chai, akachuchumaa ukutani na kukagua udongo. Siku ncha ya kwanza ikitokeza, nyembamba na imejiviringa, alipaza sauti ya kuamsha mtaa mzima: "Honorata! Njoo uone!"

Mei yake ya mwisho aliita hivyo hivyo. Honorata, ambaye ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa ametoka zamu na macho yanamwasha. Akajibu, "Nakuja," akalala. Alijiambia ataiona mwakani. Agosti Ferdinand akaanguka kazini, moyo ukamsimama, na hapakuwa tena na mtu wa kuita.

Walimzika kwao Rombo, kwenye kihamba, shamba la urithi la baba yake, katikati ya migomba. Honorata akarudi Rockville na binti yao Jacqueline, mwenye miaka minane, kwenye nyumba ambayo koti la kubana mabegani lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango. Novemba baridi ilipoyalaza magimbi, alikata mabua mwenyewe. Alizunguka mtaani akiomba majani ya mwaloni kwa majirani, akayarundika hadi magotini, akatandaza waya. Mikono ilikufa ganzi lakini hakuacha. Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa moyo wake wote: Mei ifike, ncha itokeze, na safari hii yeye awe amechuchumaa pale.

Wiki chache baadaye ndipo Bibi Anna, mama yake Ferdinand, alipofika kwa viza ya miezi sita, ili Jacqueline asirudi kutoka shule akakuta nyumba tupu.

Sasa, Bibi Anna ni mama wa Rombo, na mama wa Rombo hafungui kinywa kwa uji kabla hajafagia uwanja. Kwao uwanja usiofagiwa asubuhi ni tangazo: humu ndani kuna ugonjwa, au kuna uvivu. Ufagio wa plastiki aliokuta nyumbani aliutazama kwa huruma, akaurudisha kabatini. Alikata vijiti kichakani nyuma ya nyumba, akavifunga kwa kamba, akapata ufagio wa maana. Majirani wakamzoea: mama mzima, koti juu, kanga juu ya koti, ameinama anafagia nyasi. Bwana mmoja mwenye mbwa alikuwa akimpungia mkono kila asubuhi, naye alimwitikia "Marahaba" ingawa hakuna aliyemwamkia.

Siku moja ufagio wake ulifika ubavuni mwa nyumba. Akakuta takataka zimerundikwa hadi magotini dhidi ya ukuta wa mjane, juu yake waya wa kuku, na kuku wenyewe hakuna. Alisimama pale akaona aibu kwa niaba ya mkwewe. Alijiambia kwamba huzuni imemzidi Honorata hadi anashindwa kutupa majani, na watu wakipita watamcheka. Hakumwuliza, ili asimfedheheshe. Aliukunja waya, akayabeba majani yote fungu kwa fungu hadi kando ya barabara, na lori la kaunti linalofyonza majani likapita likayameza. Kisha akafagia udongo ukabaki safi kama sakafu. Yote hayo Honorata aliyajua baadaye. Alikuwa anatoka gizani na kurudi gizani, na ubavuni kule hakuna dirisha.

Alijua ile Januari ya barafu, ambayo watu wa Rockville hawajaisahau. Mvua ilinyesha ikaganda pale ilipogusa, matawi yakakatika, umeme ukapotea. Asubuhi Honorata alizunguka nyumba kwa kuburuza miguu kuangalia kama kuna tawi lililoangukia paa. Alipopinda kona akasimama. Udongo ulikuwa uchi. Barafu imeufunika kama kioo, na chini ya kioo kile mistari ya ufagio ilionekana yote, imegandia pale, safi na iliyonyooka.

Alirudi ndani. Bibi Anna alikuwa kwenye jiko la gesi anakoroga uji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Jacqui. Umeona nilivyokusafishia kule ubavuni?"

Honorata alimtazama yule mama mgongoni, kanga imefungwa kiunoni, mabega yale yale ya Ferdinand.

"Nimeona, Mama. Ahsante."

Hiyo ahsante ndiyo iliyoharibu. Angelia, angepiga kelele, yangekwisha pale pale kabla uji haujapoa. Badala yake aliifunga hasira yake vizuri akaiweka ndani, na tangu siku hiyo adabu ikajaa nyumbani. Shikamoo, marahaba, chakula tayari, ahsante Mama, usiku mwema. Honorata alianza kula chakula chake amesimama, eti amechelewa kazini. Bibi Anna hakujua kosa lake ni nini, lakini si mtoto. Alijua lipo. Akawa anafagia kwa bidii zaidi, maskini.

Jumapili moja ya Februari Gitau akaja kuwasalimia. Alimwamkia Bibi Anna, akapewa chai na maandazi, akajinyoosha kitini.

"Na nduma za marehemu ziko aje?" akauliza, maana kwao magimbi ni nduma. "Hii baridi ya mwezi uliopita haikuwa mchezo. Lakini si ulizifunika na majani vizuri, Mama Jacqui? Majani yakiwa hapo, hata barafu ije, ziko sawa. Na ile pipe ya dryer nayo inazisaidia kiasi. Tulipima hapo kwa mkono, mimi na yeye. Kuna joto."

Bibi Anna aliweka kikombe chini polepole.

"Majani gani hayo, baba?"

Gitau akaeleza, masikini ya Mungu, kwa furaha yote: jinsi Ferdinand alivyokuwa akiyarundika, na waya wa kuku, na jinsi alivyomwita mkewe kila Mei. Alieleza hadi akaona nyuso zao, akasema kumbe muda umekwenda. Alipotoka, Bibi Anna alikaa pale alipo, mikono mapajani. Honorata aliosha vikombe. Vilikuwa vitatu lakini aliviosha muda mrefu.

"Mbona hukuniambia?" Bibi Anna akauliza.

"Ningekuambia nini, Mama? Yalikuwa yameshakufa."

Kuanzia wiki ile Bibi Anna aliacha kufagia.

Alhamisi Honorata alimpeleka kliniki kupimwa presha. Katika chumba cha kusubiri, pembeni, palikuwa na mmea kwenye chungu kikubwa, majani marefu ya kijani yanayoinama, wa aina inayowekwa maofisini kujaza kona. Bibi Anna aliukazia macho tangu walipoketi. Daktari alisema presha imepanda, apunguze chumvi na mawazo. Wakati Honorata yuko dirishani anapanga tarehe ya kurudi, Bibi Anna alikuwa amesimama pembeni pale, akiwapa watu mgongo.

Walipofika nyumbani, Honorata hajavua hata koti, Bibi Anna alitoa kitu ndani ya kanga. Lilikuwa jani. Refu, la kijani, limefungwa fundo katikati. Alimshikia kwa mikono miwili.

Kwa Wachaga jani hilo linaitwa isale. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalitoshi, unafunga fundo kwenye isale unampelekea, na yeye, hata awe na hasira ya kumtosha mwaka, hawezi kulikataa. Lakini mara nyingi ni mdogo anayempelekea mkubwa. Mkwe, mama mzima mwenye mvi, kumshikia isale mke wa mwanawe, hilo Honorata hakuwahi kuliona wala kulisikia.

"Mama, hili umelitoa wapi?"

"Kwa daktari. Wamelipanda kwenye chungu kama pambo, wala hawajui ni kitu gani." Alikuwa bado amelishika. "Mimi sikujua, Mama Jacqui. Niliona takataka, nikasema watu wasimcheke mke wa mwanangu. Lakini kutojua kwangu hakurudishi kitu. Ulikuwa nacho kimoja chake kinachoota, nami nikakifagia."

Honorata alilipokea. Afanye nini?

"Nimepokea, Mama."

Kinywa kilipokea. Moyo, ukweli usemwe, ulibaki mlangoni na viatu vyake. Alilitia jani lile kwenye glasi ya maji dirishani, likakaa pale kijani kabisa, na kila alipooshea vyombo alilitazama akajisikia vibaya kwamba bado ana uchungu.

Hata hivyo, nyumba ilipata pumzi. Wakarudi kula meza moja. Na Bibi Anna akaanza mambo ya ajabu. Tangu afike alikuwa haitaki mashine ya kukaushia nguo. Aliita kitu kile tanuri, akisema kinachakaza nguo kabla ya wakati wake, na shuka zote alikuwa akizianika bafuni hadi huwezi kuoga bila kupigwa na shuka usoni. Sasa ghafla akaipenda. Honorata akitoka kazini anaikuta inanguruma. Taulo, shuka, mapazia yaliyofuliwa juzi, siku moja soksi za Jacqueline peke yake, jozi moja, zinazunguka humo kama zimepanda bembea.

"Mama, hizi si zilikuwa safi?"

"Zilikuwa na unyevu."

Honorata aliwasimulia wenzake kazini kwamba mama mkwe wake amekuwa Mmarekani, wakacheka. Bili ya umeme ilipokuja hakucheka sana, lakini alinyamaza. Mzee akipata cha kumfurahisha, umwachie.

Machi ikapita, Aprili ikapita. Miti ya mtaani ikachanua maua meupe na ya pinki, nyasi zikaamka, kila bustani jirani ikawa na kitu cha kuonyesha. Ubavuni mwa nyumba udongo ulikaa kimya. Bibi Anna alitaka wachimbe kidogo tu, waone. Honorata akakataa. Ferdinand alikuwa akisema gimbi lililolala halifunuliwi shuka. Ukweli mwingine, ambao hakuusema, ni kwamba aliogopa kukuta limeoza. Kabla ya kuchimba, bado lipo.

Siku ya safari ya Bibi Anna ikafika katikati ya Mei, na udongo haukuwa umetoa hata kijani cha kumdanganyia mtoto.

Alfajiri hiyo Honorata aliamshwa na sauti ya ufagio. Tangu Februari hakuisikia. Alilala akiisikiliza, ule mkwaruzo wa taratibu unaokwenda na kurudi, na ghafla akatambua kwamba kesho hautakuwapo, akaumia kuliko alivyotegemea. Akavaa kandambili akatoka.

Uwanja wote ulikuwa umefagiwa. Bibi Anna alikuwa amefika ubavuni, na pale alikuwa ameuweka ufagio kando. Alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa kitalu, anaokota vijiti kimoja kimoja kwa vidole bila kuugusa udongo. Alikuwa anaongea.

"Mwanangu, mimi naondoka leo. Huko Rombo nakuamkia kila asubuhi, lakini huku nilizoea kukuona hapa. Mtoto wako anakula vizuri. Mke wako anafanya kazi kupita kiasi, hasikii. Na mimi nilikuharibia kitu chako. Nisamehe, baba yangu."

Honorata alisimama pale konani. Miezi yote ile alikuwa amehesabu kwamba aliyepoteza ni yeye. Aliona ni mume wake, magimbi ya mume wake, Mei yake. Huyu mama alimzaa Ferdinand, akamlisha magimbi ya kwanza maishani mwake, na hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kumwuliza analalaje.

Akaenda akapiga magoti karibu naye kwenye udongo baridi.

"Nilikasirika, Mama," akasema. "Nilikasirika sana. Nikakunyima hata neno, nikakuacha ufagie peke yako na mawazo yako. Ile siku nililipokea isale kwa mdomo tu. Leo nalipokea."

"Na yasipoota?"

"Yasipoota, yasiote. Wewe ni mama yangu."

Bibi Anna akamvuta kichwa akakilaza kwenye kanga yake, na wote wawili wakalia pale ukutani bila kujibana. Bwana mwenye mbwa alipita, akaona, akavuka barabara kwa heshima.

Jioni ndege ikaondoka.

Honorata aliendelea kutoka kila asubuhi na kikombe cha chai. Hakuwa na tumaini tena, na hakuwa na uchungu pia. Ilikuwa tu mahali pazuri pa kunywea chai. Mei ikaisha. Juni ikaanza kwa mvua, kisha joto la kunata. Asubuhi moja alichuchumaa kama kawaida, akapuliza chai yake, akaona ncha.

Ilikuwa nyembamba kama penseli, imejiviringa, nyekundu kidogo. Aliweka kikombe chini kikapinduka. Akatazama kulia na kushoto, kitalu kizima, kote kimya. Ilikuwa moja tu, pale chini kabisa ya mdomo wa bomba.

"Jacqui!" akapaza sauti ya kuamsha mtaa. "Jacqui! Njoo uone!"

Mtoto alikuja mbio, nguo za kulalia, miguu mitupu. Akainama, akatazama ile ncha, akatazama bomba, akaanza kurukaruka.

"It worked! Mommy, it worked! Bibi's dryer!"

"Dryer ya Bibi imefanya nini?"

Jacqueline akaeleza kwa Kiingereza chake cha haraka, akishangaa kwamba mama mtu mzima hajui. Bibi alimwuliza ile hewa ya moto ya mashine inatokea wapi. Yeye akampeleka nje, akamwonyesha. Bibi akaweka kiganja pale kwenye bomba, kisha akakiweka chini kwenye udongo. Kuanzia siku hiyo, kila Jacqueline akitoka shule walikuwa wanatafuta pamoja kitu cha kulowesha.

"She said Daddy was cold," Jacqueline akasema.

Honorata aliketi chini kwenye matope. Mtaalamu wa mimea angeweza kusema kwamba baridi ya Januari ilishamaliza kazi yake kabla ya soksi zile, na kwamba gimbi hili lilipona kwa sababu lilikuwa chini zaidi, au kwa bahati. Aseme. Honorata alizifikiria zile soksi, jozi moja, zinazunguka, akalia na kucheka kwa pamoja hadi mtoto akaogopa.

Jumapili, kwa saa za Rombo watu wakiwa wametoka misani, alikwangua kadi ya simu akapiga parokiani, ambako Bibi Anna hungojea simu zake. Mistari ilikwaruza, kisha sauti ile ikaja.

"Shikamoo, Mama. Limeota."

Mistari ikakwaruza tena, akadhani simu imekatika.

"Mangapi?"

"Moja, Mama. Moja tu."

"Liko wapi?"

"Chini ya bomba."

Honorata alisikia mtu anapenga kamasi kwenye kanga.

"Mama, soksi jozi moja?"

"Zilikuwa na unyevu," Bibi Anna akasema. Kisha akauliza, "Huko majani yanaanza kudondoka lini?"

"Oktoba, Mama."

"Basi sikiliza, Mama Jacqui. Yakidondoka, usifagie. Unanisikia? Uache uwanja wote uchafuke, yafike hadi dirishani. Watu waache wacheke."

Na huko Rombo, kwenye simu ya padre, akawa wa kwanza kucheka.